Wakili wako wa Bujumbura katoka wapi? Mjue kabla hujamkabidhi faili

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Tuseme wewe ni mfanyabiashara wa chumvi kutoka Uvinza. Umepitisha magunia yako Manyovu, ukaingia Burundi kwa mpaka wa Mugina, ukayashusha kwa mteja wako Bujumbura, jirani na soko ambalo wenyeji wanaliita kwa Siyoni. Mteja amekulipa nusu. Nusu iliyobaki ameahidi kuilipa baada ya mwezi. Mwezi umepita, wa pili nao umepita, sasa hata simu hapokei.

Unafunga safari hadi mjini. Pale unapofikia, mtu anakuelekeza kwa bwana mmoja mwenye mkoba, ambaye kila siku haonekani mbali na mahakama. Anazungumza Kiswahili kizuri, anakuita dada, anakwambia kesi yako ni nyepesi. Anataka fedha za kuanzia na anaomba umwachie karatasi zote: ankara, hati ya kupokelea mzigo, karatasi za forodha.

Mfano huu tumeutunga, lakini wafanyabiashara wa mipakani wataitambua hali yenyewe. Na wengi wakifika hapo huuliza swali moja tu: bei gani? Mfanyabiashara huyo huyo hawezi kununua gunia la maharage bila kuingiza mkono mpaka chini, wala kununua kitenge bila kukikunjua. Lakini akifika kwa mtu atakayeshika deni lake lote, haulizi ametoka wapi, amesomea nini, amekubaliwa na nani.

Makala haya yanahusu swali hilo. Wakili wa kesi za madai hapa Bujumbura amepita njia gani mpaka akaruhusiwa kusimama mbele ya hakimu kwa niaba yako, na wewe uliyetoka Kigoma, Uvira, Kigali, Nairobi au Kampala utaijuaje njia hiyo?

Kutoka chuoni hadi kwenye orodha

Njia huanzia chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Burundi, chuo cha umma kilichoanzishwa miaka ya 1960, kina kitivo cha sheria ambacho kimefundisha mawakili na mahakimu wengi wa nchi hii. Baadaye vilikuja vyuo binafsi vyenye vitivo vya sheria, na Chuo Kikuu cha Ziwa Tanganyika kilichopo hapa Bujumbura ni kimojawapo. Mawakili wenye umri mkubwa wengi wana shahada ya zamani inayoitwa licence, ambayo ilichukua miaka 4. Vijana wamesoma kwa mfumo mpya: shahada ya kwanza ya miaka 3, kisha shahada ya uzamili.

Lakini shahada ya sheria haimfanyi mtu kuwa wakili. Mwenye shahada anaweza kuwa mwanasheria wa benki, mshauri wa kampuni au ofisa wa wizara. Ili awe wakili ni lazima apokelewe na chama cha mawakili, ambacho kwa Kifaransa kinaitwa barreau na kinaongozwa na wakili aliyechaguliwa na wenzake, anayeitwa bâtonnier. Sheria iliyoirekebisha taaluma hii ni ya mwaka 2002.

Akipokelewa, mgeni huyo katika kazi hula kiapo, kisha huanza kipindi cha mafunzo ya vitendo kinachoitwa stage, ambacho kwa kawaida ni miaka 2. Katika kipindi hicho anafanya kazi chini ya wakili mkubwa: anaandika rasimu za hoja, anakwenda mahakamani kuomba tarehe, anajifunza jinsi faili linavyotembea kutoka meza moja hadi nyingine. Akimaliza na kukubaliwa, jina lake linahamishwa kutoka orodha ya wanaojifunza na kuingizwa kwenye orodha kuu ya mawakili, tableau.

Neno hilo tableau likariri. Orodha hiyo ndiyo mzani wako. Mtu akikwambia yeye ni wakili, au wenyeji wanavyosema, avoka, jina lake lipo kwenye orodha au halipo. Na kama lipo kwenye orodha ya wanaojifunza, hilo si kosa, ila unayo haki ya kujua ni wakili gani mkubwa anayemsimamia na nani atasimama siku ya kesi yenyewe.

Uliza swali hilo katika ofisi ya chama cha mawakili wala usione aibu. Ukipita kimya kimya ukaja kugundua baada ya miezi sita kwamba uliyempa fedha ni msindikizaji wa watu mahakamani tu, wa kumlaumu utakuwa umeshampoteza.

Waliopita mlango mwingine

Si kila wakili mzuri alitoka chuoni moja kwa moja akaingia kwenye uwakili. Wapo waliokuwa mahakimu au waendesha mashtaka, wakaacha utumishi na kuhamia upande wa pili wa meza. Wapo waliofanya kazi benki au kwenye kampuni za bima, wakajua kwa undani jinsi dhamana za mikopo zinavyoandikwa. Wapo pia waliokuwa wanasheria wa serikali.

Historia hiyo ina maana kwako. Aliyekuwa hakimu anajua hakimu anatafuta nini kwenye faili. Aliyetoka benki ataiona haraka kasoro katika hati ya dhamana. Aliyeshinda miaka yote kwenye kesi za jinai anaweza kuwa msemaji hodari, lakini kesi ya ankara ambayo haijalipwa haishindwi kwa kusema sana.

Kanda yetu ina mfano wa wazi wa jinsi njia hizi zinavyoweza kumfikisha mtu mbali. Nestor Kayobera, Mrundi, aliwahi kusimama katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha kama mwanasheria anayeitetea serikali ya Burundi. Baadaye aliteuliwa kuwa jaji wa mahakama hiyo hiyo na akawa Rais wake. Mtu aliyekuwa akijibu maswali ya majaji akaja kukaa kwenye kiti cha kuuliza.

Sheria za ukoo tofauti

Mfanyabiashara aliyezoea mahakama za Tanzania, Kenya au Uganda anaweza kufika hapa na wakili wake wa nyumbani akidhani mambo ni yale yale. Si yale yale.

Burundi ilitawaliwa na Wajerumani, kisha Wabelgiji. Sheria zake za mikataba na za uendeshaji wa kesi za madai zina asili ya Ubelgiji na Ufaransa, kama zilivyo za Kongo. Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi mfumo wa Waingereza. Rwanda ilianzia upande wa Wabelgiji, kisha ikachanganya mifumo yote miwili.

Tofauti hiyo unaiona ndani ya chumba cha mahakama. Katika mfumo wa Waingereza wakili hujengwa kwa kumhoji shahidi: anamsimamisha, anambana kwa maswali, na uamuzi wa kesi iliyotangulia una uzito mkubwa. Katika mfumo wa hapa, kazi kubwa iko kwenye maandishi. Wakili anaandika hoja zake, anaambatanisha vielelezo, upande wa pili unajibu kwa maandishi, na hakimu analisoma faili akilinganisha na vifungu vya sheria. Kanuni za mwenendo huo zimo katika sheria ya mashauri ya madai ya mwaka 2004. Kwa hiyo wakili wa Bujumbura hupimwa kwanza kwa kalamu yake.

Hata mafunzo yanatofautiana. Tanzania, mwenye digrii ya sheria anapita Law School of Tanzania kabla ya kuapishwa. Kenya kuna Kenya School of Law, pamoja na miezi ya kujifunza chini ya wakili. Uganda kuna Law Development Centre ya Kampala. Rwanda ina taasisi ya mafunzo ya sheria kwa vitendo mjini Nyanza. Huko Kongo, mbali na mawakili, wapo watetezi wanaoitwa défenseurs judiciaires, ambao sheria ya mwaka 1979 inawaruhusu kutetea watu katika mahakama za ngazi za chini. Mfanyabiashara wa Uvira aliyezoea kumtumia mtetezi wa aina hiyo asidhani kwamba kadi ya huko inafungua milango ya hapa.

Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi wa baadhi ya nchi za Jumuiya wametia saini makubaliano ya kutambua sifa za wenzao. Mawakili bado hawajafika hapo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inazungumzia huduma kuvuka mipaka, lakini wakili wako wa Kigoma hawezi kuingia tu katika Mahakama ya Biashara ya Bujumbura akaanza kutetea. Anaweza kukufaa kwa ushauri na kwa kukusaidia kumchagua mwenzake wa hapa. Faili la mahakamani linahitaji wa hapa.

Mahakama ipi, lugha ipi

Wakili anayezijua kesi za biashara atakuuliza mapema: mdaiwa wako ni mfanyabiashara? Swali hilo linaamua mlango wa kuingilia. Bujumbura ina Mahakama ya Biashara, Tribunal de Commerce, kwa migogoro ya wafanyabiashara. Mgogoro wa kazi, kwa mfano wa dereva wako uliyemwajiri hapa, una mahakama yake, Tribunal du Travail. Madai mengine ya kiraia yanagawanywa kwa ukubwa na aina kati ya mahakama za chini na zile zinazoitwa Tribunal de Grande Instance. Juu yake kuna mahakama za rufaa na Mahakama ya Juu.

Wakili asiyejua mlango atapoteza miezi kwenye mahakama isiyo na mamlaka, na wewe utalipa nauli ya kila tarehe.

Halafu kuna lugha. Gitega ilitangazwa kuwa mji mkuu wa kisiasa, lakini Bujumbura imebaki kitovu cha uchumi, na ukitembea Buyenzi utadhani uko Ujiji: Kiswahili kinatosha kununua, kuuza na kugombana. Faili la mahakama ni jambo jingine. Hapo utakutana na Kifaransa na Kirundi. Kiingereza kilifanywa lugha rasmi mwaka 2014, lakini sheria na hukumu nyingi utakazokutana nazo zimeandikwa kwa Kifaransa.

Kwa hiyo mwombe wakili akusomee kwa Kiswahili kila karatasi kabla hujatia saini, hasa ile inayompa mamlaka ya kukuwakilisha. Angalia kama karatasi hiyo inampa pia mamlaka ya kupokea fedha kwa niaba yako. Kama hutaki hivyo, sema kabla, na iandikwe.

Karatasi zilizoungua

Asubuhi ya Jumapili, Januari 27, 2013, soko kuu la Bujumbura liliungua. Lilikuwa moyo wa biashara ya mji, na bidhaa zake zilitoka Tanzania, Kongo, Uganda, Dubai na China. Bidhaa ziliteketea, fedha zilizohifadhiwa kwenye vibanda ziliteketea, na madaftari ya madeni yaliteketea pamoja nazo.

Wauzaji wa nje wanaokopesha mizigo wana la kujifunza katika moto ule. Deni linaweza kuwepo na mdaiwa akalikubali barazani, lakini mbele ya hakimu unahitaji kitu cha kushika. Mfumo wa sheria wa hapa unapenda maandishi. Kati ya mfanyabiashara na mfanyabiashara ushahidi huwa na uhuru zaidi, na hapo ndipo ankara, barua, kumbukumbu za benki na daftari la hesabu vinapopata thamani. Wakili aliyekomaa katika kesi za madai huanza kwa karatasi hizo, na simulizi yako ya jinsi ulivyodhulumiwa huisikiliza baadaye.

Hata mwenye mzigo mdogo ana karatasi. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya unamruhusu mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale mpakani. Wengi hukitupa wakishavuka. Kitunze. Kinaonyesha mzigo gani ulivuka, lini, na kwa jina la nani.

Na usimwachie mtu yeyote karatasi halisi bila kupewa hati ya kupokelea. Wakili mwenye utaratibu atakuandikia orodha ya alichopokea bila kuombwa mara mbili.

Baada ya kushinda

Wafanyabiashara wengi hudhani hukumu ni fedha. Hukumu ni karatasi inayokuruhusu kwenda kudai fedha. Inabidi itolewe nakala rasmi yenye amri ya utekelezaji, iende kwa ofisa anayetekeleza hukumu, na mali ya mdaiwa ipatikane. Wakili mwenye uzoefu wa kweli atakuuliza tangu siku ya kwanza: mdaiwa ana duka? Ana gari? Ana akaunti? Asiyeuliza hayo huenda anapigania ushindi ambao hautakulisha.

Ukishinda kesi Kigoma au Nairobi dhidi ya mtu aliyeko Bujumbura, hukumu hiyo haitekelezwi hapa yenyewe. Ni lazima kwanza mahakama ya Burundi iikubali. Hiyo ni safari ya pili, na wakili wa pili.

Ndiyo maana baadhi ya wafanyabiashara huamua tangu kwenye mkataba kwamba wakigombana wataenda kwa msuluhishi. Bujumbura ina kituo cha usuluhishi wa biashara, CEBAC, kilichoanzishwa mwaka 2007. Burundi pia ilijiunga mwaka 2014 na Mkataba wa New York, unaozitaka nchi wanachama kutambua uamuzi wa wasuluhishi uliotolewa nchi nyingine. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo nazo zimo katika mkataba huo.

Arusha si mahakama ya rufaa

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007, na tangu hapo wafanyabiashara wake wana mlango mwingine: Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, yenye makao Arusha na masjala ndogo hapa Bujumbura. Lakini mlango huo si wa kila mgogoro. Mteja aliyekimbia na fedha zako za chumvi humpeleki Arusha. Huko unakwenda pale sheria, agizo au kitendo cha nchi mwanachama au cha taasisi ya Jumuiya kinapovunja Mkataba wa Jumuiya. Na una miezi 2 tu tangu kitendo hicho kifanyike au tangu ulipokijua.

Mfano mzuri ni kesi namba 7 ya 2017, ambapo British American Tobacco Uganda iliishtaki serikali ya Uganda. Sheria ya ushuru ya mwaka 2017 ilizitoza sigara zilizotengenezwa nje ya Uganda ushuru mkubwa kuliko za ndani, na kampuni hiyo ilikuwa ikiuza Uganda sigara zinazotengenezwa Kenya. Machi 2019 mahakama iliamua kwamba kuzibagua kwa ushuru bidhaa za nchi mwanachama ni kinyume cha Mkataba. Kanuni hiyo inamhusu muuza sigara kama inavyomhusu muuza chumvi, mchele au sabuni.

Arusha pia inaweza kuwa msuluhishi wa mgogoro wa biashara kama mkataba wenu una kifungu kinachoipa mahakama hiyo kazi hiyo. Ni mstari mmoja tu katika mkataba. Muulize wakili wako kama anaujua.

Mbele ya mahakama hiyo, tofauti na mahakama za nchi, wakili anayeruhusiwa kusimama katika mahakama za juu za nchi yoyote mwanachama anaweza kukuwakilisha. Wakili wa Bujumbura, wa Kigoma na wa Nairobi wote wanakubalika. Februari 2021 wakuu wa nchi waliridhia Kifaransa na Kiswahili kuwa lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza, ingawa kazi za mahakama hiyo zimezoea Kiingereza. Wakili wa Burundi mwenye Kiingereza kizuri cha kisheria kwa hiyo ana kitu cha ziada cha kukuuzia.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha

Yaandike kwenye karatasi, nenda nayo:

1. Jina lako limo kwenye orodha ya chama kipi cha mawakili, na tangu mwaka gani? Ni orodha kuu au ya wanaojifunza?

2. Ulifanya kazi gani kabla ya uwakili?

3. Kesi zako nyingi ni za aina gani: biashara, ardhi, kazi au jinai?

4. Kesi yangu itaingia mahakama ipi, na kwa nini hiyo?

5. Mimi ni mgeni. Je, mahakama inaweza kunidai dhamana kabla ya kunisikiliza?

6. Malipo yako ni kiasi gani, ada za mahakama ni kiasi gani, na nitapata risiti ya kila moja?

7. Umewahi kumtetea mdaiwa wangu, ndugu yake au kampuni yake?

8. Tukishinda, nani atasimamia utekelezaji wa hukumu, na gharama zake zitakuwaje?

Wakili wa kweli hatakasirika. Amezoea kuulizwa na mahakimu maswali magumu kuliko hayo. Akikasirika, au akikwambia mambo hayo ni ya wasomi, chukua karatasi zako.

Turudi kwa dada wa chumvi ya Uvinza. Mwenye mkoba bado amesimama mbele yake, mkono umenyooshwa. Hana haja ya kumtukana wala kumwita tapeli, maana huenda ni mtu mwema anayewasaidia watu kuandika barua. Anaweza kumwambia tu: kaka, nakushukuru, ila kwanza nakwenda kwenye ofisi ya mawakili kuuliza jina lako. Akiambiwa lipo, atarudi. Akiambiwa halipo, karatasi zake bado ziko mkononi mwake, na deni lake bado linaweza kudaiwa.